Nimenunua kitabu "kipya" cha Agatha Christie, kumbe nusu nishakisoma. Njooni tuhesabu hadithi

Mkaa Baraza (Mji Mkongwe)

Assalaam alaykum nyote. Nimekuja na hasira, lakini ni hasira yenye faida, nivumilieni.

Wiki iliyopita nilipokea kitabu nilichoagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, "Problem at Pollensa Bay" cha Agatha Christie, yule Muingereza wa hadithi za upelelezi. Shilingi 35,000, na gharama za boti kutoka Dar juu yangu. Tangazo lake lilisema hadithi nane ambazo "hujapata kuziona popote". Baada ya Isha nikapanda nacho darini, chai ya tangawizi mkononi, feni imenielekea. Hadithi ya kwanza, hii naijua. Ya pili, ya kengele ya chakula cha usiku, mbona kama naijua ila imekonda? Ya tatu, ile ya mkahawani kwenye meza ya maua ya manjano, naijua mpaka nani kakaa wapi. Chai ikapoa.

Nikashuka kwenye kasha. Vitabu vyangu vya Christie vina asili mbili. Kuna vya babu, aliyekuwa karani serikalini tangu enzi za Muingereza, na nyuma ya majalada yake bei imechapwa kwa shilingi na peni. Na kuna nilivyovipata Darajani kwenye boksi la vitabu vya mtumba, bei yake ni senti za Marekani. Miaka yote sikujali tofauti hiyo. Kitabu ni kitabu. Usiku ule ndio nikaona kuwa jibu la kesi yangu lilikuwa pale pale kwenye ile bei.

Hesabu yangu ni hii. Katika hizo nane, tatu zimo ndani ya "The Regatta Mystery", kitabu cha Marekani cha 1939, ninacho. Moja, "The Love Detectives", imo ndani ya "Three Blind Mice and Other Stories", cha Marekani vile vile, 1950, ninacho. Na ile ya kengele, "The Second Gong", ndiye mama wa "Dead Man's Mirror" iliyomo kwenye "Murder in the Mews" ya babu. Mzee kakutwa amekufa kwenye chumba kilichofungwa kwa ndani, kama kule kule, ila mwandishi aliirudia, akaikuza, akabadilisha majina ya watu, na hata muuaji kambadilisha.

Nane toa tano, tatu. Elfu thelathini na tano kwa hadithi tatu! Nani mwengine kafikwa na haya?

Karafuu Kavu (Wete)

Pole kaka. Yako afadhali, yangu ilinikosanisha na wifi yangu.

Marehemu baba alituachia "Poirot Investigates". Ina hadithi 14, tumeisoma nyumba nzima mpaka uti wake umelegea, tumeutia gundi mara mbili. Wifi yangu akaja na yake kutoka Muscat, jina lile lile, mwandishi yule yule, akaniazima. Nikafika mwisho, hadithi 11. "The Chocolate Box" haimo, na hiyo ndiyo niipendayo kupita zote, maana ndiyo Poirot mwenyewe, yule mpelelezi wa Christie, anakiri alivyoshindwa. Nikahisi kurasa zimenyofoka. Nikaanza kuhesabu namba za kurasa moja moja, nikachungulia kwenye mshono kama kuna mabaki ya karatasi. Hamna. Nikamwambia wifi, kitabu chako kimeibiwa. Yeye akasikia nimesema yeye ni mwizi. Siku kumi hatusemezani.

Sasa leo nimekwenda kuangalia cha baba kwa nyuma. Senti za Marekani! Baba alikuwa baharia, ndiyo hivyo tena.

Mkaa Baraza

Bibie, umenitoa ushamba, na mpe wifi salamu zangu. Hayo ndiyo yenyewe. London walikitoa 1924 na hadithi 11. New York wakakitoa 1925 na kuongeza tatu, "The Veiled Lady", "The Lost Mine" na hiyo "Chocolate Box" yako. Sasa sikiliza kitakachokuchekesha: hizo tatu hazikuingia kwenye mkusanyo wa Uingereza mpaka 1974, ndani ya "Poirot's Early Cases". Miaka hamsini. Msomaji wa London aliyenunua cha kwanza akiwa kijana alikuwa babu zilipomfikia kitabuni.

Dogo wa Kariakoo

Mkuu Mkaa Baraza, sijaelewa kitu kimoja. Mwandishi ni mmoja na yuko hai wakati huo. Kwa nini asikae chini akasema kitabu changu kina hadithi hizi, basi, dunia nzima ichapishe hivyo hivyo?

Karafuu Kavu (Wete)

Kariakoo ipi? Maana hata sie Unguja tunayo Kariakoo yetu ya pembea za Sikukuu.

Dogo wa Kariakoo

Ya Dar, dada. Naomba nisamehewe.

Mkaa Baraza

Umesamehewa. Swali lako ndilo kiini chenyewe, ngoja nilijibu taratibu.

Sie tukishika kitabu tunadhani mwandishi aliketi akaandika kitabu. Hadithi fupi za siku hizo hazikwenda hivyo. Zilikuwa mali ya magazeti kwanza. Za Poirot zilianza kwenye gazeti la The Sketch la London, Machi 1923, baada ya mhariri wake, Bruce Ingram, kumwomba Christie aandike mfululizo. Wiki baada ya wiki, moja moja. Miss Marple, mpelelezi wake mwengine, naye usidhani alizaliwa kwenye riwaya. Alitokea Desemba 1927 kwenye The Royal Magazine, hadithi moja fupi ya watu waliokaa sebuleni wanatoleana mafumbo, na riwaya yake ya kwanza ikaja 1930. Nyengine zilitangulia magazetini Marekani, ndiyo zikavuka bahari kurudi kwao.

Kwa hivyo hadithi zinakuwa zimetawanyika kwenye magazeti ya nchi mbili, kama nguo kwenye kamba. Anakuja mchapishaji wa London, mwanzo Bodley Head, baadaye Collins, anaanua anazozitaka na kuzikunja fungu moja. Anakuja wa New York, Dodd, Mead, naye anaanua zake. Kila mmoja na soko lake, haki zake na ratiba yake. Hakuna aliyekuwa akiangalia fungu la mwenzake. Wala hawakuwa na sababu, maana msomaji wa London hakutegemewa kununua cha New York.

Ambao hawakuwemo kwenye hesabu ni sie. Watu wa bandari. Cha Muingereza kimeletwa na karani, cha Mmarekani kimeletwa na baharia, na miaka sitini baadaye vyote viwili vimelala kasha moja.

Mtoto wa Makunduchi

Uzi mzuri huu. Lakini jamani tunamjadili bibi wa Kiingereza kurasa nzima, na mtaalamu wetu wa upelelezi hatajwi? Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, 1918. "Mzimu wa Watu wa Kale" ilishinda zawadi ya kwanza kwenye mashindano ya kuandika hadithi ya 1957 na 1958, ikatoka kitabu 1960. Mpelelezi wake ni Bwana Msa na kiko chake, Najum ubavuni kwake. Sie kwetu kila mtoto wa skuli anamjua.

Mkaa Baraza

Hatajwi kwa sababu hana kesi! Bwana Msa kaja kwetu kwa riwaya nzima nzima, "Mzimu" 1960, "Kisima cha Giningi" 1968, na kuendelea. Riwaya ni riwaya, haipunguzwi hadithi tatu hapa na kuongezwa mbili kule. Ukiwa nayo unayo.

Karafuu Kavu (Wete)

Mkitaja Giningi, mji wa wachawi, semeni taratibu, wengine tunakaa Pemba na usiku umeshaingia.

Mtoto wa Makunduchi

Hahaha. Sawa, lakini nimeleta pia mchango wa maana. Huyo anayesemwa kuwa ndiye mfano wa Bwana Msa, Sherlock Holmes, naye ana kesi kama hiyo, tena ya kale zaidi na yenye damu zaidi.

Arthur Conan Doyle alikuwa akizitoa kwenye The Strand Magazine, kisha 12 za mwanzo zikakusanywa kitabu, "The Adventures", 1892. Mfululizo wa pili ulikuwa na hadithi iitwayo "The Cardboard Box", iliyotoka gazetini Januari 1893. Bibi mmoja wa Croydon, hana baya na mtu, analetewa kifurushi kwa posta. Anafungua: boksi la kadibodi, chumvi ya mawe imejaa, na ndani ya chumvi masikio mawili ya binadamu. Kisa chake ni wivu, mke wa mtu na mtu asiye wake. Ulipokusanywa mfululizo huo kuwa "The Memoirs", toleo la London likaiacha hadithi hiyo nje. Marekani ikaingia kwenye chapa ya kwanza, halafu ikatolewa kwenye chapa iliyofuata. Haikupata kitabu cha kukaa mpaka "His Last Bow", 1917. Miaka ishirini na nne barabarani.

Na uhuni wa wachapishaji ni huu. Hadithi ile ilianza na kipande kizuri sana, Holmes anamjibu Watson jambo aliloliwaza moyoni bila ya kulisema. Walipoitupa hadithi waliona kipande kile ni hasara kukitupa. Wakakikata wakakishona mwanzoni mwa hadithi nyengine, "The Resident Patient". Kwa hivyo kuna vitabu ambavyo kipande hicho kimo mara mbili, neno kwa neno, na ukisoma unadhani macho yako ndiyo mabovu.

Mkaa Baraza

Nilisoma hivyo skuli na nilidhani mwalimu katoa fotokopi vibaya! Miaka thelathini namlaumu mtu wa watu.

Bi Shangani

Nimekaa London miaka sita, ngoja niongeze la "Three Blind Mice", maana hapo kuna siri ambayo si ya ndani ya hadithi.

Hiyo ilianza kama mchezo wa redio wa nusu saa, Mei 1947, kwa ajili ya kutimiza miaka 80 Malkia Mary, mama wa mfalme wa wakati ule. Akaigeuza hadithi ndefu kidogo. Halafu akaigeuza tamthilia ya jukwaani na kuibadilisha jina ikawa "The Mousetrap", ikafunguliwa London Novemba 1952. Mnajua yaliyofuata. Mpaka leo inaonyeshwa. Ilisimama Machi 2020 kwa sababu ya korona, ikarudi Mei 2021.

Sasa, hadithi yenyewe Wamarekani waliitia kwenye kitabu chao 1950. Uingereza, hapana. Mwandishi hakutaka itoke kitabu kule maadamu mchezo uko jukwaani, watu wasije wakajua muuaji kabla ya kukata tiketi. Nani angedhani mchezo utapita miaka sabini? Hadithi zenzake nane za kitabu kile zikapata makao Uingereza kidogo kidogo, yenyewe ikabaki nje.

Niliuona mimi mchezo huo. Ukimalizika, muigizaji anasogea mbele anawaomba watazamaji wasimwambie mtu. Na kweli watu hawasemi. Nimeolewa na mtu ambaye hajauona na mpaka leo sijamwambia.

Mkaa Baraza

Bi Shangani, basi hapo umenigusa kidonda. Nakala yangu ya Darajani, mwenye nayo wa mwanzo alikuwa mtu habithi. Chini ya kichwa cha hadithi, kwa kalamu ya wino wa buluu, kaandika jina la muuaji. Na kapiga mstari! Mimi nilibandika juu yake stika ya daftari la skuli, ile yenye JINA na DARASA, ili mwengine asidhulumiwe.

Karafuu Kavu (Wete)

Watu wana roho. Hebu turudi kwenye kesi yako. Hiyo "Regatta Mystery" ya 1939, hadithi zake tisa Waingereza walizipata wapi? Maana nina vya baba vya Marekani na vya wifi vya Uingereza na nataka kujua cha kununua na cha kuacha.

Mkaa Baraza

Hapa ndipo nilipokesha siku mbili na daftari. Bibie, hicho ni kitabu ambacho huko London hawakukitoa kabisa. Tisa zile zilisambaa kama karafuu zilizopeperuka kwenye jamvi. Zifuate.

"The Dream" ilipata makao 1960, kwenye "The Adventure of the Christmas Pudding". Mbili za Poirot, ya bustani na ya melini, zikangoja mpaka "Poirot's Early Cases", 1974. Mbili nyengine, "Miss Marple Tells a Story" na ile ya kioo, "In a Glass Darkly", zikaingia "Miss Marple's Final Cases", 1979, na wakati huo mwandishi ameshakufa, alifariki Januari 1976. Tatu ndizo hizi zilizonitia hasara, "Problem at Pollensa Bay", 1991. Ya tisa, "The Mystery of the Baghdad Chest", ikaja kuokotwa 1997 kwenye "While the Light Lasts". Vitabu vitano, miaka hamsini na nane, kuzipata hadithi alizozipata Mmarekani kwa kununua kimoja tu.

Hiyo ya sanduku la Baghdad ilichelewa kwa sababu ina mtoto. Christie aliikuza ikawa "The Mystery of the Spanish Chest", na mtoto ndiye aliyeingia kwenye kitabu cha 1960 akamkalia mama mlangoni. Ndiyo tabia yake huyu bibi, hatupi kitu. "Murder in the Mews" ya babu, hadithi nne za 1937, tatu ni watoto wa hadithi ndogo za nyuma, mbili kati ya hao mama zao ni wa 1923. Mama hao wawili wakaja kutolewa Uingereza 1974. Kwa hivyo mtu kasoma mtoto kwanza, miaka thelathini na saba baadaye anauziwa mama kama kitu kipya. Na hiyo "Murder in the Mews" yenyewe, Marekani ikiitwa "Dead Man's Mirror" na hadithi tatu badala ya nne.

Na "The Regatta Mystery", hadithi iliyobeba jina la kitabu, gazetini 1936 mpelelezi alikuwa Poirot. Kufika kitabuni kaondolewa, kawekwa Parker Pyne. Hapo hata ukihesabu kwa jina la mpelelezi unapotea.

Dogo wa Kariakoo

Kwa hiyo Wamarekani ndio waliokuwa wanafaidi siku zote?

Bi Shangani

Si siku zote. Chukua "The Hound of Death", 1933. Hiki ni cha Uingereza, na hata madukani hakikuuzwa mwanzoni. Kilitolewa na Odhams, ulikuwa unakata kuponi kwenye jarida la The Passing Show, unazikusanya, unapeleka, ndiyo unapata kitabu. Kama sie tulivyokuwa tunakusanya vizibo vya soda tukitaraji baiskeli. Madukani kikaingia 1936 kwa chapa ya Collins.

Marekani kitabu hicho hawakukiona kwa umbo lake. Hadithi zake 12 wakazigawa: sita wakazitia kwenye "The Witness for the Prosecution", 1948, moja kwenye "Double Sin", 1961, na tano kwenye "The Golden Ball", 1971. Tena ndani ya zile sita ndimo ilimo hiyo ya shahidi wa mashtaka iliyokuja kuchezwa sinema 1957. Fikiria, hadithi iliyomletea mtu umaarufu wote ule, kwao ilianza kitabuni kama zawadi ya kuponi.

Mtoto wa Makunduchi

Na "The Listerdale Mystery" ya 1934? Ninayo, ina 12.

Bi Shangani

Hiyo hiyo hadithi. Nne kwenye kitabu cha 1948, nane kwenye cha 1971.

Karafuu Kavu (Wete)

Ngojeni. "The Golden Ball" ninayo! Ya baba. Ina hadithi 15. Nane za Listerdale, tano za Hound, hizo ni 13. Mbili za juu ni zipi?

(Nakuja, naenda kukiangalia.)

"Magnolia Blossom" na "Next to a Dog".

Mkaa Baraza

Allahu Akbar. Hizo ndizo mbili katika tatu nilizobakiwa nazo kwenye kitabu cha elfu thelathini na tano! Yaani ningelikujua wewe wiki mbili nyuma, kitabu kizima ningekuwa nimenunua hadithi moja tu, "The Harlequin Tea Set".

Mtoto wa Makunduchi

Elfu thelathini na tano kwa birika la chai. Na chai yenyewe ikapoa.

Dogo wa Kariakoo

Wakuu, kwani hakuna kitabu kimoja chenye zote? Niepukane na hesabu hizi.

Mkaa Baraza

Kipo, kwa mpelelezi mmoja mmoja. Wa Miss Marple ndio wepesi, maana hadithi zake fupi ni 20 tu na zimewekwa pamoja kwenye juzuu moja. Ukitaka vitabu vya zamani vya Uingereza, chukua "The Thirteen Problems" ya 1932, 13 hizo. "Final Cases" ina nane, lakini ni sita tu za kwake, mbili za mizimu na vioo hazimhusu. Hapo 19. Ya ishirini, "Greenshaw's Folly", imejificha kwenye "Christmas Pudding" kati ya Poirot watano, na wengi huikosa hiyo. Angalizo: ukikuta "The Tuesday Club Murders" usinunue ukidhani kipya. Ndiyo "Thirteen Problems", Wamarekani waliibatiza 1933.

Poirot naye ana juzuu lake la hadithi fupi zote, ila ni zito, ukilisoma umelala likakudondokea usoni utaamka na kesi yako mwenyewe. "The Labours of Hercules" ya 1947 ndiyo haina fujo, 12 London, 12 New York, maana aliziandika kwa mpango mmoja tangu mwanzo, kila moja kwa kazi moja ya yule Hercules wa Wayunani. Hata hiyo ina kijidoa: ya mwisho, toleo lake la kwanza lilikataliwa na The Strand, lina mtawala anayefanana na Hitler, akaandika nyengine tofauti kabisa. Ile iliyokataliwa imekuja kuchapishwa 2009.

Waliobaki ni kina Parker Pyne na Quin na hadithi zisizo na mpelelezi. Mie sasa ninafanya hivi. Sinunui kwa jina la jalada. Namwambia muuzaji anipigie picha ukurasa wa yaliyomo, na ukurasa wa hakimiliki unaosema zilitoka wapi mwanzo. Akikataa, basi. Daftari langu nimeliandika hadithi moja mstari mmoja, pembeni vitabu vyote ilivyomo. Nimefika mstari wa 94. Mke wangu anauliza kama huu ni mtihani.

Karafuu Kavu (Wete)

Tufanye hivi kaka. Mdogo wangu anashuka Unguja Jumamosi kwa boti. Nikutumie "The Golden Ball" ukapate na hizo 13 nyengine, nawe unipe "Three Blind Mice". Sie huku hatujapata kuisoma hata mmoja. Na wifi kasema na yeye anataka, tumeshapatana.

Mkaa Baraza

Nimekubali. Nimekifunga kwenye gazeti, nitamkabidhi mkononi bandarini Malindi. Sharti moja tu bibie, ile stika ya JINA na DARASA msiibandue mpaka mmalize. Nawajua watu wa Pemba.

Bi Shangani

Msiibandue kabisa!

Karafuu Kavu (Wete)

Kitabu kimefika salama, ahsante. Kimenukia mchwa kidogo lakini kizima, na kurasa zote zimo, nimezihesabu.

Stika kaibandua wifi.